Acheni Kumwambia Mamangu Amwache

Jumapili iliyopita baba mdogo alipitia kwetu Kuresoi akitoka kanisani. Aliketi karibu na jiko, akanywa chai vikombe 2, kisha akasema kile alichokuwa amekuja kusema.

"Shemeji, huyo si mtoto tena. Ako na miaka 25. Mtu mzima akichagua shimo, unamwachia shimo lake."

Mamangu hakujibu. Alimwongezea chai tu. Nje, kando ya stoo, kaka yangu alikuwa akichambua viazi: vikubwa upande huu, vidogo upande ule, vya mbegu kwa gunia. Nyumba yetu ni ya mbao, na mbao hazifichi maneno. Nilimwona kupitia dirishani. Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Mamangu alinyamaza kwa heshima. Mimi nimeshindwa kunyamaza. Na hapa siandikii baba mdogo, yeye hata hajui niko na ukurasa. Naandikia nyinyi wa rika langu, mlio Nakuru, Eldoret, Nairobi, kwa sababu maneno yake mnayo pia, mmeyavalisha tu nguo mpya. Mnasema "kila mtu na maisha yake." Mnasema "kata mtu yeyote anayekuvuruga amani." Mnasema "huwezi kuokoa mtu ambaye hataki kuokolewa," mnapata laiki zenu, mnalala.

Sasa hebu nisikilizeni. Kaka yangu amenusa gundi kwa karibu miaka 13. Tangu Februari mwaka huu wa 2025 yuko nyumbani. Ameteleza mara moja. Na karibu kila mtu anayempenda mamangu anamwambia amwachilie aende. Mimi nasema mmekosea, nyote.

Lakini kwanza nitubu yangu, kabla mtu hajaniumbua.

Mwaka wa 2022 nilikuwa nimetoka tu fomu 4, naanza kuweka video fupi za kuchekesha. Siku moja nikiwa Nakuru mjini karibu na stage, nikaona jamaa amebana kichupa kwa meno, anacheza muziki wa matatu. Alikuwa anajua kucheza, lakini miguu ilikuwa inamkataa. Nikarekodi. Nikaandika utani juu, nikaweka wimbo. Ile video ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Wiki hiyo hiyo kaka yangu alikuwa analala nyuma ya maduka, barabara 2 kutoka hapo, na nilijua. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, navuka upande wa pili. Marafiki zangu wa mjini hawakujua niko na kaka. Niliwaambia kwetu mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa.

Video niliifuta mwaka jana. Ilikuwa imeshasambaa, kwa hivyo kufuta kwangu hakukusaidia yule jamaa na chochote. Naieleza hapa ili mjue siongei kama mtu msafi.

Sasa, alifikaje huko?

Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilitukuta Kuresoi. Mimi nilikuwa na miaka 3, sikumbuki kitu. Yeye alikuwa na 7, anakumbuka kila kitu. Tulikimbilia Nakuru, tukaishi kwenye hema pale uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu wengine. Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, nasi tukarudi. Nyumba haikuwepo. Baba hakurudi nasi, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kaka alirudi mwili, lakini ile miezi ya mjini ilikuwa imemfundisha kwamba kuna mahali pengine pa kwenda. Mwaka wa 2012, akiwa darasa la 6, alipanda lori la viazi linaloshuka Nakuru, hakuonekana tena. Alikuwa na miaka 12.

Wengi wenu mnadhani mtoto ananusa gundi kwa starehe. Kaka alinieleza vile ilivyokuwa. Usiku ananusa ili baridi isimwume. Asubuhi ananusa ili njaa isimsumbue. Mchana ananusa ili akitukanwa asisikie sana. Gundi ya fundi viatu hupimwa kidogo kidogo kutoka kwa kopo kubwa, na kipimo kimoja ni bei ya chini kuliko sahani ya githeri. Ukiwa na miaka 12 na shilingi chache mfukoni, hesabu ni rahisi sana. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka wa 2012 kuhusu watoto wa mtaani Eldoret walikuta gundi ndiyo inaongoza, mbele ya pombe, sigara, miraa na bangi. Hii si siri ya mtu.

Mwaka wa 2018 serikali ilifanya hesabu ya watu wanaoishi mtaani. Ilipata watu 46,639 nchi nzima, na 2,005 kati yao walikuwa Nakuru. Mamangu anapenda kuamini kwamba kaka alikuwa kwa hiyo 2,005, kwamba usiku mmoja kuna mtu na kalamu alisimama mbele yake akamwandika. Kwa sababu kwingine hakuandikwa. Ule utafiti wa NACADA wa 2022, uliosema Mkenya 1 kati ya 6 wa miaka 15 hadi 65 anatumia kileo au dawa ya aina fulani, ulifanywa nyumba kwa nyumba. Asiye na nyumba anabishiwa mlango gani?

Turudi kwa hayo maneno ya "mtu mzima."

Alipokuwa na miaka 12, watu walisema ni mtoto, atakua aache. Alipokuwa na 15, walisema ni ujinga wa ujana. Alipokuwa na 17, mamangu alienda kwa nyumba moja ya watoto akaambiwa huyu anakaribia 18, hatuwezi kumchukua. Alipofika 18, wakasema ni mtu mzima, aamue mwenyewe. Nionyesheni siku moja tu, kwa hiyo miaka yote, ambayo umri wake ulikuwa sawa wa kusaidiwa.

Na mtu mzima gani? Hana hata kitambulisho. Tangu Machi tumeenda kwa chifu mara 3, kuna karatasi moja inakosekana kila mara. Bila kitambulisho hawezi kujisajili SHA, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Serikali bado haijamtambua kama mtu mzima. Ni wakati wa kumtupa tu ndipo utu uzima wake unakumbukwa.

Halafu kuna gundi yenyewe. Ndani ya gundi nyingi za viatu kuna kemikali inaitwa toluini, ile inayotoa harufu kali. Toluini inapenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Zile nyaya za ubongo zinazobeba ujumbe zimefunikwa na utando wa mafuta, kama waya wa stima ulivyofunikwa na mpira. Ukivuta kwa miaka mingi, ule utando unaharibika. Ndiyo maana utaona mtu anatetemeka, anayumba akitembea, anasahau umemwambia nini dakika 5 zilizopita. Na si kumbukumbu peke yake. Kupanga, kusubiri, kujizuia, kufikiria kesho, hivyo vyote vinafanyika huko huko. Yaani mnamwambia mtu achague kwa kutumia kile kiungo ambacho kimelowa gundi tangu akiwa darasa la 6.

Sisemi hana hiari. Anayo. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, hakuna aliyemfunga. Lakini hiari yake inachoka haraka, kama betri ya simu ya zamani. Asubuhi iko juu, saa 10 jioni imeisha. Mwenye betri kama hiyo humwambii "jipange." Unamwekea chaja karibu.

Najua kuna wengine huko wanafurahia, wanasema "ndio, huyu anahitaji kulazimishwa." Tulieni, nawakujia pia.

Mwaka wa 2019 baba mdogo huyu huyu alishuka Nakuru na vijana 2 na kamba. Walimkuta amekaa nje ya duka la vyuma, kichupa mkononi. Kaka aliwaona akatoka mbio, akavuka barabara kuu bila kuangalia. Lori lilimkosa kidogo tu. Baada ya hapo alihama kona, tukamtafuta miezi 8.

Baadaye nilisoma jambo ambalo kila mtu mjini anafaa kulijua. Huu mvuke unaufanya moyo uwe mwepesi kupoteza mapigo. Mtu akiwa ametoka kunusa, halafu ashtuliwe au akimbizwe, moyo unaweza kusimama ghafla. Inaweza kutokea hata kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza. Kwa hivyo ule mchezo wa kuwakimbiza wakiwa wamelewa ili watu wacheke, ule mchezo wa askari na rungu, unaweza kuwa mauaji, na hakuna atakayeuita hivyo. Wataandika "amefariki mtaani."

Na sisi watu wa Nakuru hatuwezi kujifanya hatujui kulazimisha kunafananaje. Februari 2019 watoto na vijana wa mtaani walibebwa usiku kutoka mjini, wakaachwa kwenye msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo, kwa baridi. Lawama ziliangukia kaunti, Seneti ikachunguza, magazeti yakaandika. Desemba 1, 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, tukapiga picha, tukajisifu vile mji ni msafi. Mamangu hakupiga picha. Kila akisikia neno "kusafisha mji" anauliza wamesafisha nani.

Njia ya tatu mnayoipenda ni ile ya "mpelekeni rehabu." Hiyo tuliijaribu, na hii ndiyo sehemu inayoniuma.

Mwaka wa 2023 kaka alikubali. Mamangu akauza ng'ombe. Yule ng'ombe alikuwa karo yangu. Nilikuwa nimepata nafasi ya diploma, nikaahirisha muhula, ukawa mwaka. Kituo kilikuwa cha kulipia, sitakitaja jina. Siku 90. Karibu wote waliokuwemo walikuwa wa pombe, na mafunzo yalikuwa ya watu wa pombe: kusoma vijitabu, kuandika maswali na majibu. Kaka yangu aliacha shule darasa la 6 na kichwa hakishiki aya moja. Walimwona mkaidi. Siku ya 90 alipewa cheti na nauli. Siku ya 99 jirani alituambia amemwona stage.

Nilimchukia, siwafichi. Nilikuwa nikilala nahesabu ule mwaka wangu wa chuo umenunua vichupa vingapi. Kwa hivyo msiniambie sijui uchungu wa mtu kukuvurugia maisha. Mimi ndiye niko na sababu ya kusema "aachwe" kuliko nyinyi wote.

Lakini kosa halikuwa kumpeleka. Tulikosa pale tulipodhani siku 90 ndiyo kazi yote. Mtu wa heroini leo anaweza kupelekwa kliniki ya methadoni, ziko Nairobi na Pwani. Gundi haina dawa kama hiyo. Hakuna tembe ya kutoa hamu. Kuna muda, chakula, usingizi, ushauri, na watu. Wiki za kwanza ni za jasho, kichwa kuuma, hasira na kukosa usingizi. Baada ya hapo ubongo unachukua miezi mingi kurudi, wakati mwingine miaka, na pengine haurudi wote. Sisi hatukuwa na mpango wowote wa siku ya 91. Mkulima yeyote wa Kuresoi anajua huwezi kuvuna viazi kama hujatengeneza stoo.

Sasa mamangu alifanya nini tofauti?

2024 alianza upya, peke yake. Kila Jumanne anashuka na viazi, Molo, Elburgon, Njoro, hadi soko la Wakulima Nakuru. Akimaliza kuuza anaenda kumtafuta. Anabeba chakula kwa mkebe, habebi pesa. Akimkuta amenusa, anaweka mkebe karibu naye na kuondoka bila neno. Akimkuta yuko sawa, anakaa naye chini pale pale kwa barabara, na leso yake ya soko, anamwambia habari za nyumbani. Ng'ombe wa jirani amezaa. Mvua imechelewa Keringet. Hakuwahi kumwambia "rudi." Akisimama kuondoka alikuwa akisema maneno yale yale: "Mlango uko wazi. Kichupa hakiingii."

Alifanya hivyo karibu Jumanne 40. Mimi nilimwambia anapoteza wakati. Watu wa soko walimwambia anajiaibisha. Februari mwaka huu, Jumanne moja usiku, lori la viazi lilisimama hapo kwetu likirudi tupu, na kaka akashuka.

Yaliyofuata si muujiza, ni kazi. Nitayataja kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii na ana ndugu kama wangu.

Kwanza, hospitali ya serikali. Walipima damu, figo na moyo, kwa sababu gundi inagusa hizo zote. Daktari alituambia ukweli bila kututisha.

Pili, kufuli. Petroli ya pampu, thina ya rangi, gundi, hata dawa za kupulizia viazi, vyote vikaingia kwenye sanduku moja, na ufunguo uko shingoni kwa mamangu. Hamu ikija saa 8 usiku, hataki kubishana nayo na tanki la petroli liko hapo.

Tatu, agizo moja kwa wakati. Zamani nikimwambia "lisha ng'ombe, chota maji, halafu ulete jembe," anafanya moja anasimama. Nilidhani ni ujeuri. Sasa nasema "lisha ng'ombe." Akimaliza, nasema lingine. Hiyo tu imepunguza nusu ya kelele za hii nyumba.

Nne, pesa. Akifanya kazi analipwa kama mtu mwingine, lakini inaandikwa kwa daftari na yeye mwenyewe anatia sahihi. Akitaka viatu, wanaenda kununua pamoja.

Tano, mtu wa kuongea naye. Mamangu alipiga 1192, laini ya NACADA, ni ya bure. Alipiga akiuliza kuhusu mtoto, akajikuta anazungumza kuhusu yeye mwenyewe. Nilimwona akilia na simu sikioni, kitu ambacho hakuwa amefanya mbele yetu tangu nizaliwe.

Na bado aliteleza. Agosti, jirani aliegesha pikipiki, kaka akachomoa mpira wa tanki. Tulimkuta nyuma ya choo. Mimi nilitaka kumrukia. Mamangu alinishika mkono. Hakupiga kelele. Alisogeza kopo mbali, akamlaza ubavu, akakaa hapo kwa nyasi hadi akili ikamrudia. Asubuhi akamwambia sheria mpya: kwenda senta peke yake hakuna hadi Oktoba, na kesho tunarudi kliniki. Basi.

Jirani alitaka polisi. Habari ikafika kwa baba mdogo. Ndiyo maana alikuja kunywa chai. Yeye anahesabu ile siku moja. Kabla ya hiyo siku zilipita karibu 180 ambazo kaka hakunusa kitu, kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto, na baba mdogo hakuja hata siku moja kusema hongera.

Najua mtaniuliza: na kama anapiga mama yake? Na kama anauza sufuria na mabati? Ukipigwa, ondoka. Ukiibiwa, funga. Hakuna mama anafaa kufa kwa sababu ya kichupa cha mtu, na kuna nyumba nimeona ambazo mlango ulibidi ufungwe. Hata mlango wa mamangu una kufuli, sheria yake ni kali kuliko ya yule baba mdogo na kamba. Lakini unaweza kumfungia mtu mlango na bado Jumanne ukampelekea mkebe. Kufunga mlango ni kujilinda. Kusema "sina mtoto huyo" ni kitu kingine, na mimi nilikisema kwa miaka, kwa hivyo nakijua.

Tena kuna swali hamjauliza. Mbona ni mama peke yake? Mnapomwambia "amwache," mnasikika kama mnamhurumia. Lakini angalieni vizuri. Baba mdogo ana shamba, ana pikipiki, ana watoto wakubwa 4. Hajawahi kukaa na kaka yangu saa moja. Mimi nilikuwa mjini Jumanne zote 40, nilienda na yeye mara 2. Tunamwambia mama aache kwa sababu akiacha, sisi hatutaulizwa tena. Tulishajitoa kitambo, tunataka tu na yeye ajitoe ili tusionekane peke yetu.

Na si nyumba peke yake. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 inajua bangi, inajua heroini, inajua kokeini. Gundi ni bidhaa ya dukani, na inafaa kuwa hivyo, sitaki fundi viatu ashikwe. Lakini Australia walikuwa na vijiji ambapo vijana walikuwa wananusa petroli hadi kufa. Tangu 2005 walianza kupeleka huko petroli ya aina nyingine, inaitwa Opal, iliyopunguzwa zile kemikali zinazolewesha. Unusaji ulishuka sana. Waliona hakuna maana ya kuwahubiria vijana kila siku na tanki ni lile lile, wakabadilisha kilicho ndani ya tanki. Hapa kwetu Hazina ya Kurekebisha Familia za Mtaani ilianzishwa 2003, vijana wakapelekwa NYS, tukashangilia. Ni miaka 22 sasa. Niulize kama mkaazi wa Nakuru: kijana wa miaka 25 mwenye ubongo uliochoka na gundi, asiye na kitambulisho wala ng'ombe wa kuuza, aende mlango gani kesho asubuhi? Wanaotaka kura zetu 2027 waulizwe hilo swali kabla ya kugawa fulana.

Nyinyi sasa. Siwaambii muokoe mtu. Nawaambia vitu vidogo. Acheni kuwarekodi. Yule anayecheza na kichupa ana mtu nyumbani anayemtafuta kwa hiyo video yako. Msiwakimbize. Kama una ishirini ya kutoa, nunua chapati, kaa dakika 5. Hiyo namba 1192 iweke kwa simu. Na kama ni ndugu yako, chukua kazi moja tu mkononi mwa mama yako, hata kama ni kwenda na yeye kwa chifu.

Kabla ya kuweka haya nilimsomea kaka. Ilinichukua siku 2, kwa sababu akichoka tunasimama. Alinirekebisha mahali 3. Alisema niandike, lakini nisiweke jina lake. Pale kwa ile video yangu ya 2022 alinyamaza kidogo, akauliza yule jamaa alikuwa na kofia gani. Nikamwambia. Akasema anamjua. Akataja jina lake halisi, lile la kuzaliwa, na ni mtu wa Olenguruone, si mbali na kwetu.

Jumanne ijayo mamangu anashuka na mikebe 2 badala ya mmoja kama zamani. Tunaenda naye, mimi na kaka. Yeye ndiye anajua pa kumpata.